“Mfumo Umekataa”: Namna ya Kusoma Ujumbe wa Kosa Kabla ya Kubadili Taarifa za Mkazi

Huenda umewahi kusimama kwenye dirisha la ofisi ya kata ukiwa umeshika fomu iliyojazwa kikamilifu, ukaambiwa maneno mawili tu: “Mfumo umekataa.” Maneno hayo hutamkwa kana kwamba ni hukumu. Anayeyasema hana la kuongeza, na anayeambiwa hana pa kukata rufaa. Baada ya hapo hutokea moja kati ya mambo mawili: mkazi hurudi nyumbani bila kuandikishwa, au karani hubadili kitu kidogo katika taarifa zake hadi mfumo ukubali. Makala haya yanahusu hasa jambo hilo la pili, kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo.

Mifumo mingi ya kuhifadhi taarifa za watu hutumia kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa iliyopangwa katika majedwali. Kila mkazi ana mstari wake, na kila mstari umegawanywa katika safu: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, mtaa na kadhalika. Lugha inayotumika kuziamuru kanzidata hizo huitwa SQL. Ilianza kutengenezwa katika kampuni ya IBM nchini Marekani katika miaka ya 1970 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, kwa kufuata nadharia ambayo Edgar Codd aliichapisha mwaka 1970. Kitenzi chake cha kuingiza mstari mpya ni INSERT, na hapo ndipo “mfumo” hukataa. Mifano iliyomo humu ni ya PostgreSQL, programu huria ambayo kijana yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua bila malipo na kujijaribia mwenyewe.

Mgane asiyekuwa na nafasi

Tuchukue mfano wa mwanamume aliyefiwa na mkewe. Mtendaji wa kijiji ameandika katika orodha yake, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba huyu ni mgane. Orodha inapopakiwa, kompyuta inajibu hivi:

invalid input value for enum hali_ya_ndoa: "mgane"

Ujumbe huo unasema kwamba neno “mgane” halimo katika aina ya data iitwayo hali_ya_ndoa. Aina hiyo haikuja na programu. Ilibuniwa na mtu. PostgreSQL humruhusu msanifu wa mfumo kutunga aina yake mwenyewe ya data, na kuorodhesha maneno yanayokubalika humo. Msanifu wetu aliandika: ameoa, ameolewa, hajaoa, hajaolewa, mtalaka, mjane. Mgane alimsahau.

Karani mwenye foleni ndefu atafanya nini? Ataangalia orodha, aone “hajaoa” inakaribia, aibonyeze. Mfumo utakubali papo hapo na mkazi ataondoka akiwa ameridhika. Lakini siku atakapofuatilia mirathi ya marehemu mkewe, kumbukumbu hiyo itasema hakuwahi kuwa na mke. Hapo ndipo atakapotakiwa kuthibitisha, kwa viapo na nauli za safari, jambo alilolisema kwa ukweli tangu mwanzo.

Tiba ya kosa hilo ni mstari mmoja, unaoandikwa na mwenye mamlaka juu ya kanzidata:

ALTER TYPE hali_ya_ndoa ADD VALUE 'mgane';

Ikumbukwe pia kwamba aina za namna hii hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na huhesabu hata nafasi tupu. “Mjane” kwa M kubwa si “mjane”, na “mjane ” lenye nafasi iliyobaki mwishoni nalo hukataliwa. Kosa la namna hiyo, tofauti na lile la mgane, ni la uandishi, na karani anaweza kulisahihisha mwenyewe bila kumdhulumu mtu. Ndiyo sababu ujumbe husomwa kwanza: kuna makosa ya aliyeandika orodha na kuna makosa ya aliyejenga jedwali, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Anwani iliyoongezwa kipande

Aina ya pili inayobuniwa ni ile yenye vipande kadhaa ndani yake. Anwani ya makazi ni mfano mzuri. Badala ya kuwa na safu tatu zilizotawanyika, msanifu anaweza kuunda aina moja:

CREATE TYPE anwani AS (kata text, mtaa text, nyumba text);

Mkazi akiandikishwa, vipande vyote vitatu huingia pamoja:

INSERT INTO wakazi (jina, makazi) VALUES ('Asha', ROW('Kata ya Juu', 'Sokoni', '14'));

Sasa tuseme baadaye imeamuliwa kwamba postikodi, ile namba ya tarakimu tano, nayo iwemo. Fundi anaongeza kipande cha nne katika aina ya anwani. Fomu zilizopo katika kata, hata hivyo, bado zinatuma vipande vitatu. Kuanzia asubuhi hiyo kila mkazi anakataliwa, mwenye hati zote na asiye nazo. Ujumbe ni kwamba rekodi haiwezi kugeuzwa kuwa anwani, na chini yake yapo maelezo: Input has too few columns, yaani vipande vilivyoletwa ni pungufu. Wanaotumia kanzidata ya Oracle hukutana na tatizo hilo hilo kwa namba ORA-02315. Fundi wa Oracle akijaribu kuiandika upya aina nzima wakati tayari kuna jedwali linaloitegemea, huzuiwa kwa ORA-02303. Kizuizi hicho kina maana: maelfu ya mistari iliyokwisha kuandikwa ingepoteza umbo lake.

Dalili ya kosa la namna hii ni kwamba jana ilikubali, na leo imekataa kwa kila mtu. Mkazi akiona hivyo asikubali kuambiwa arudi na vyeti zaidi. Fomu ndiyo inayopaswa kurekebishwa ili itume vipande vinne.

Lipo jambo la hatari zaidi hapa, nalo halitoi ujumbe wowote. Vipande vya ROW hutambuliwa kwa mpangilio wake, si kwa majina yake. Fomu ikitanguliza mtaa kabla ya kata, kompyuta itapokea yote bila kusita, kwa kuwa yote mawili ni maandishi. Hakuna aliyekataliwa, ila kila mtu ameandikwa anaishi katika kata iitwayo Sokoni.

Namba ambazo si za kuhesabia

Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Safu ya namba nzima iliyo kubwa kuliko zote katika PostgreSQL, iitwayo bigint, inaishia kwenye 9,223,372,036,854,775,807, ambazo ni tarakimu 19. Msanifu aliyeiweka namba ya kitambulisho katika safu hiyo atakuta kila mkazi anakataliwa kwa kuwa namba yake imevuka kipimo. Namba ya kitambulisho haijumlishwi wala haigawanywi. Ihifadhiwe kama maandishi. Vivyo hivyo namba ya simu, ambayo ikiwekwa kama namba ya hesabu hupoteza sifuri yake ya mbele.

Kuna mtego mwingine kabla hata ya kufika kwenye kanzidata. Watendaji wengi huandaa orodha zao katika Excel, na programu hiyo huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika tarakimu 20 bila kwanza kuifanya safu hiyo iwe ya maandishi, tano za mwisho hugeuka sifuri. Wakazi waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zilitofautiana mwishoni tu, wanaweza kuwa na namba moja. Mmoja wao akishaingizwa, wa pili hukataliwa kwa ujumbe wenye maneno duplicate key, maana yake namba hiyo tayari ina mwenyewe. Nimesikia ujumbe huu ukitafsiriwa dirishani kuwa mkazi “amejiandikisha mara mbili.” Hiyo ni tuhuma nzito kumtupia mtu kwa sababu ya sifuri tano. Karani na aangalie kwanza mwisho wa namba.

Ujumbe huo huo hutokea pale namba ya simu inapofanywa kuwa ya mtu mmoja tu. Bibi na mjukuu wanaotumia simu moja ni jambo la kawaida katika kata zetu, na jedwali lisilolijua hilo limejengwa mbali na wanaoandikwa humo.

Tarehe inayokubaliwa kimakosa

Sisi huanza na siku, kisha mwezi. PostgreSQL, isipoelekezwa vinginevyo, huisoma tarehe iliyotenganishwa kwa mikwaju kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia. Ukiandika 13/04/1988 itakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Ukiandika 03/04/1988 itakubali kwa ukimya, na mtu aliyezaliwa tarehe 3 Aprili atakuwa amezaliwa tarehe 4 Machi. Kwa hiyo orodha ikikataliwa kwa mstari wenye 13, asiyesoma ujumbe ataibadili tarehe hiyo peke yake na kuiacha mingine yote ikiwa imepinda. Njia salama ni kuandika mwaka kwanza, 1988-04-03, au fundi aiagize kanzidata isome siku kabla ya mwezi.

Kwa wazee wasioijua tarehe yao ya kuzaliwa, safu iliyowekewa sharti la NOT NULL haikubali kuachwa wazi. Hapo ndipo hubuniwa tarehe mosi Januari. Kwa maoni yangu, safu ya tarehe isiyojulikana iruhusiwe kubaki tupu, na pembeni pawe na safu ya mwaka wa makadirio. Tarehe ya kubuni ikishaingia haina alama yoyote ya kuitenganisha na ya kweli.

Ritifaa katika jina

SQL hufungua na kufunga maandishi kwa alama ya ritifaa. Jina Ng'washi lina ritifaa ndani yake, hivyo mfumo uliojengwa kwa kuunganisha maneno ovyo hudhani jina limeishia kwenye “Ng”, na yanayofuata huyaona kuwa amri isiyoeleweka. Anayeandika amri kwa mkono huiandika ritifaa mara mbili: 'Ng''washi'. Mfumo uliojengwa vizuri hupeleka jina kama kigezo, kando ya amri, na tatizo halitokei kabisa. Wala si suala la majina tu: upenyo unaojikwaa kwa Ng'washi ndio anaoutumia mhalifu kupenyeza amri zake ndani ya kanzidata.

Tiba isiyokubalika ni kuiondoa ritifaa. Ngwashi si Ng'washi. Matamshi ni mengine na jina ni jingine, na cheti cha kuzaliwa hakitalingana na kumbukumbu. Baadhi ya simu pia huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi tofauti na ile iliyonyooka. Mkazi anaweza kuwa ameandikishwa vizuri na bado asionekane anapotafutwa.

Orodha nzima kurudi

Orodha ya watu 300 ikiingizwa kwa amri moja, mstari mmoja ukikosewa, hauingii hata mmoja. Ndivyo kanzidata ilivyokusudiwa: yote au pasiwepo kitu. Jina lako linaweza kukosekana kwa sababu ya mtu usiyemjua. Na amri zikipelekwa moja moja ndani ya muamala mmoja, baada ya kosa la kwanza kila amri inayofuata hujibiwa hivi:

current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block

Maana yake ni kwamba muamala umekwisha kuvunjika na yanayofuata yanapuuzwa. Karani huuona ujumbe huu wa mwisho, akahangaika nao, ilhali haumwelezi chochote. Apande juu hadi ujumbe wa kwanza; kosa liko huko.

Pale kata au kitongoji kipya kinapoanzishwa, tafuteni maneno foreign key. Yanaeleza kwamba mkazi ameandikwa katika eneo ambalo halijaongezwa kwenye jedwali la maeneo. Eneo liongezwe kwanza, kisha watu wake. Kumwandika katika kata ya zamani “kwa muda” ni kumfanya ahesabiwe huko.

Ukiambiwa mfumo umekataa, omba kwa upole uoneshwe ujumbe wenyewe, na uandikwe neno kwa neno nyuma ya nakala ya fomu yako pamoja na tarehe. Nakala hiyo ndiyo Mtendaji wa Kata ataipeleka kwa Afisa TEHAMA, kwani bila ujumbe huo fundi atakuwa anabahatisha. Kama karani anataka kubadili neno lolote ili mfumo ukubali, muulize ni neno gani, na linganisha na cheti chako. Mfumo ukishakubali, omba usomewe mstari wako wote kabla hujaondoka dirishani: jina na ritifaa yake, mwezi wa kuzaliwa, hali ya ndoa, kata, na tarakimu tano za mwisho za namba ya kitambulisho.