Kipaji cha Mtoto Hakisubiri Mtihani wa Mwisho

Mji wa Tabora una shule mbili za sekondari zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu kutoka pande zote za nchi: Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Nyingine za aina hiyo ni Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato. Mtoto wa Ipole hushindania nafasi hizo kwa alama za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, sawasawa na mtoto wa Dar es Salaam. Hata hivyo, mtihani huo hauwezi kumwona mtoto aliyeacha shule akiwa darasa la tano. Kwa sababu hiyo, kazi ya kutambua kipaji huanza mapema, darasani na nyumbani.

Shule inavyotambua

Kipimo cha kwanza ni jicho la mwalimu wa darasa. Mwanafunzi mwenye kipaji humaliza zoezi kabla ya wenzake, huuliza maswali yasiyomo kitabuni, hukumbuka jambo alilolisikia mara moja, au huunda gari la mabua lenye usukani unaogeuka. Wakati mwingine huonekana mtundu, kwa kuwa kazi aliyopewa imemwishia na hana la kufanya. Mwingine hunyamaza kwa sababu nyumbani huzungumza Kinyamwezi au Kisukuma, na Kiswahili cha darasani bado hakijamkolea. Mwalimu makini haichukulii kimya hicho kuwa ni uzito wa akili; humpa hesabu au mchoro, kisha humtazama.

Kipimo cha pili ni kumbukumbu za maendeleo: mazoezi, majaribio na mitihani ya mihula, pamoja na upimaji wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika darasa la pili na Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne. Alama moja haitoshi kumhukumu mtoto. Matokeo ya miaka kadhaa yakiwekwa pamoja huonyesha nani anapanda, na nani alikuwa juu kisha akaporomoka. Huyo wa pili ndiye anayestahili kuulizwa habari za nyumbani kwanza.

Vipaji si vya hesabu na lugha pekee. Mashindano ya UMITASHUMTA, yanayoanzia shuleni na kupanda hadi ngazi ya taifa, huibua wanariadha, wachezaji wa mpira na waimbaji.

Shule inavyosaidia

Msaada mwingi hauhitaji fedha. Mwalimu humwongezea mwanafunzi huyo swali gumu zaidi, si maswali mengi ya aina ileile. Humpa kitabu cha darasa la juu, humweka kuongoza kikundi cha wenzake, au humwelekeza kwenye klabu ya masomo. Jambo la kuepuka ni kumtangaza mbele ya darasa kuwa yeye ndiye mwenye akili. Sifa hiyo humjengea kiburi au hofu, na huwavunja moyo wenzake ambao vipaji vyao havijajitokeza.

Muda nao unapungua. Kwa mujibu wa mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Walimu na wazazi watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kumtambua na kumwandaa mtoto.

Wajibu wa mzazi

Elimu ya msingi hutolewa bila ada. Gharama kubwa iliyobaki kwa kaya nyingi za wakulima ni mikono ya mtoto. Muhula wa kwanza huangukia msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku, na mtoto anayebaki shambani au kwenye bani hukosa misingi ambayo masomo ya mwaka mzima hujengwa juu yake. Hata mwenye akili nyingi hawezi kuelewa sehemu iwapo hakuwapo siku ya kufundishwa kugawanya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi zinazodhuru afya au elimu yake.

Wapo pia watoto walioanza shule kwa kuchelewa. Hao wasikatiwe tamaa. Mwalimu Julius Nyerere alianza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 alikwisha kuingia Shule ya Serikali ya Tabora.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Lakini huonekana na aliyeamka. Wazazi na walezi wanaombwa:

1. Kukagua madaftari ya mtoto angalau mara moja kwa wiki, hata kama mzazi hajui kusoma. Mtoto asome kwa sauti, mzazi asikilize.
2. Kumweleza mwalimu wa darasa jambo ambalo mtoto hulifanya vizuri nyumbani, kwa kuwa mwalimu halioni.
3. Kuwapa wasichana muda wa kujisomea sawa na kaka zao, kwa kugawana kazi za maji, kuni na jikoni.
4. Kuhudhuria vikao vya wazazi, na kufikisha kwa Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule au Afisa Elimu Kata taarifa ya mtoto yeyote aliyeacha kuhudhuria masomo.