Kabla Hujang'oa Boksi la Filta

Wadogo zangu, wiki hii niko na kijana wa Morogoro, maana swali lake linakuja kwangu kila mara, ni magari tu yanayobadilika. Anasema: "Dada, nimenunua Prado ya dizeli, ile ya injini ya 1KD. Fundi ananiambia nikitoa boksi la filta ya hewa, nikafunga ile filta ya koni na bomba la kung'aa, gari litavuta zaidi na litakula mafuta kidogo. Huwa naenda nalo shamba, Kilombero. Nimpe hela?"

Usimpe. Hela ikae mfukoni kwanza, tuongee.

Gari la petroli na la dizeli hayaendeshwi kwa namna moja. Kwenye petroli, ukikanyaga pedeli unafungua mlango wa hewa, na mafuta yanaifuata ile hewa kwa kipimo. Kwenye dizeli, kukanyaga ni kuomba mafuta zaidi. Hewa kwa kawaida imo ya kutosha na kuzidi. Nguvu inatoka kwenye kiasi ambacho kompyuta inaziruhusu nozo kunyunyiza. Sasa wewe ukiongeza hewa na kipimo cha mafuta kikabaki kilekile, hiyo hewa ya ziada inaingia, inapashwa moto, inatoka kwa ekzosi. Tena Prado yako ina tabo, tayari inasukumiwa hewa kwa nguvu. Bomba pana peke yake linaweza kuipunguzia tabo kazi kidogo, sikatai, ila kidogo chenyewe hutakihisi ukiwa unapanda mlima Kitonga na mizigo.

"Lakini dada, la rafiki yangu lilibadilika kabisa!" Ndiyo, lilibadilika sauti. Lile boksi la plastiki kazi yake mojawapo ni kunyamazisha. Likitoka, unaisikia tabo ikipiga mluzi, na sikio linaushawishi mguu kwamba gari limepata mbio. Sina ugomvi na mtu anayependa mluzi, mimi mwenyewe naupenda. Ila ujue unanunua mluzi, na bei yake uipime hivyo.

Fungua boneti uangalie mwenyewe. Mdomo wa boksi la asili umeelekezwa kwenye madigadi, unavuta hewa ya nje. Koni iliyoachwa wazi inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30, yaani umelipa pesa ili injini ipate pungufu. Na lile tundu la juu ya boneti, ambalo wengi huapa kwamba ndilo pua ya gari, halilishi injini hata kidogo. Linapoza intakula, kile kipoozeo cha hewa ya tabo kilichokaa chini yake, basi.

Sasa vumbi, na hapa naomba utulie. Injini ya lita 3 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inameza kama lita 3,000 za hewa kila dakika, hapo sijahesabu msukumo wa tabo. Hayo ni mapipa 15 ya lita 200. Dakika moja! Fikiria uko nyuma ya lori kwenye njia ya shamba, au nyuma ya gari la watalii kati ya Ngorongoro na Serengeti, pale ambapo hata taa za mwenzio huzioni. Vumbi lile lina chembe za mchanga, na mchanga hausamehe chuma. Feni ya tabo inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Vumbi likiipiga kwa mwendo huo, kingo za mapanga yake zinalika. Linalopita linasaga ringi na kuta za silinda. Hutaona kitu wiki hii wala mwezi huu. Utaona baadaye, gari likianza kula oili na kugoma kuwaka asubuhi, na yule fundi wa koni atakuwa na maelezo mengine.

Koni nyingi ni za kitambaa cha kupaka mafuta maalumu. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukipaka sana, mafuta yanasafiri mpaka kwenye sensa ya hewa, kile kiwaya chembamba kinachopashwa moto, na sensa ikichafuka inadanganya. Hapo tarajia moshi mweusi, taa ya injini, au gari kujifungia nguvu. Na feki zimejaa madukani, zinang'aa kuliko zenyewe.

Kama kweli gari halivuti, anzia kwingine. Filta ya karatasi imezeeka? Nunua nyingine ya kueleweka. Usikubali ile ya kupulizwa kwa kompresa kila sevisi. Upepo ule mkali ukiitoboa karatasi matundu usiyoyaona, kilichobaki ni pambo tu ndani ya boksi. Mpira wa kwenda intakula umepasuka? Utausikia ukipuliza unapokanyaga, na moshi utakuwa mweusi. Angalia filta ya dizeli, masizi kwenye vali ya EGR, na nozo zipimwe. Gari la mkononi likikosa nguvu, mara nyingi ugonjwa uko katika hayo.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu mwenye gari analiweza. Legeza klipu ya bomba baada ya filta, upande wa kwenda kwenye tabo, ingiza kitambaa cheupe safi, futa ndani, toa. Unyevu kidogo wa oili usikutishe, ule unaletwa na mpira wa kupumulia wa injini. Ukiona udongo mkavu au tope la kahawia, kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa, na hilo ni la leo, si la mwisho wa mwezi.

Nirudi kwenye safari za Kilombero, maana kijana hakuniuliza kuhusu maji na nadhani ndiyo ya kuogopa zaidi. Kuna mafundi wanaoteremsha mdomo wa bomba hadi nyuma ya bampa ili upate hewa baridi, na huko chini ndiko maji yanakovutwa. Silinda moja ya injini yako, pistoni ikifika juu kabisa, inabakiwa na nafasi isiyofika sentimita 50 za ujazo. Hivyo ni vijiko vitatu vya chakula. Maji hayabanwi kama hewa. Yakizidi hapo, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Usisubiri mto. Bonde la Jangwani pale Dar siku ya mvua linatosha.

Kwa safari zako, ningekuwa wewe ningefunga snokeli, lile bomba la hewa linalopanda juu kando ya kioo. Hewa ya juu ina vumbi pungufu, na mdomo unakuwa mbali na maji. Ila utakatiwa madigadi, kwa hiyo tafuta fundi mwenye mkono mzuri, na hakikisha kila kiungo kimebana. Wengi husahau kale kampira ka chini ya boksi, kanakotoa uchafu na maji. Kwenye maji marefu kanaweza kuyaingiza, kwa hiyo nako kazibwe sawasawa. Kazi ikiisha, washa injini, iache silensa bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa snokeli kwa kipande cha ubao. Usitumie kiganja, inavuta vibaya. Injini ikizima, kazi ni safi. Ikiendelea kunguruma raha mustarehe, inapumua kwingine, na fundi hajamaliza. Wala usijione una mtumbwi: gia boksi na difu nazo zina matundu ya kupumulia.

Najua kuna wawili watatu watakaofunga koni hata hivyo. Basi iwe ndani ya boksi lililofungwa na kuvuta hewa ya nje, kipenyo pale kwenye sensa kisibadilike, mpira wa kupumulia urudishwe mahali pake. Na boksi la zamani usimwachie fundi, hata akisema halina kazi. Lipakie kwenye buti pamoja na klipu zake zote, maana atamuuzia mwenye Prado mwingine kesho yake.