SOMO LETU: KUCHAGUA OVENI YA GESI KWA JIKO LA WATU WENGI

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuchagua oveni ya gesi kwa jiko kubwa. Jiko kubwa ni kama lile la shule ya bweni, la hoteli, la kantini ya kiwanda au la kikundi cha mama lishe. Mfano wetu ni Iyunga, hapa Mbeya. Iyunga kuna viwanda na kuna shule ya sekondari ya ufundi. Stesheni ya TAZARA nayo iko upande huo wa mji. Watu ni wengi, na wote wanataka kula.

Pengine utasema, "Mimi ni mkulima. Oveni yanihusu nini?" Inakuhusu. Huenda wewe ni mjumbe wa kamati ya shule, au umo katika kikundi kinachoomba mkopo. Siku ya kununua utaulizwa kama unakubali. Asiyejua hunyoosha mkono tu, halafu deni hulilipa pamoja na wenzake.

Kwa nini tuzungumze habari hii?

Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Basi majiko mengi yanabadilishwa, na wauzaji nao wana maneno matamu.

Oveni mseto ni kitu gani?

Oveni ya kawaida huoka kwa joto kavu. Oveni mseto ina kazi mbili katika sanduku moja: huoka kwa hewa ya moto inayozungushwa na feni, na hupika kwa mvuke wa maji. Unaweza kutumia moja, au zote mbili kwa pamoja. Kampuni ya Rational ya Ujerumani ilitoa oveni ya namna hii mwaka 1976. Huoka mikate na kuku, huivisha viazi na wali kwenye masinia. Ni kifaa kizuri, lakini bei yake ni kubwa. Kabla ya kununua tujiulize maswali sita.

1. Tunapika nini?

Andikeni chakula chote cha wiki moja. Kama ni mikate, kuku, viazi vya Umalila na wali wa Kyela, oveni itapata kazi. Kama ni ugali na maharage kila siku, oveni mseto haitawasaidia sana. Ugali unataka sufuria, moto chini na mwiko. Hakuna oveni inayosonga ugali! Jiko la namna hiyo linahitaji kwanza majiko makubwa ya gesi ya kubandikia sufuria.

2. Tunapikia watu wangapi?

Oveni hizi hupimwa kwa idadi ya masinia. Zipo za masinia 6, za 10 na za 20. Kwa kawaida ya masinia 6 hutosha sahani 30 hadi 100 kwa siku, na ya masinia 10 hutosha sahani 80 hadi 150. Ukinunua kubwa mno unachoma gesi bure. Ukinunua ndogo mno watu watapanga foleni.

3. Umeme upo?

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Husikia neno "gesi" wakadhani umeme hauhitajiki. Sivyo. Gesi huleta moto, lakini feni na mitambo ya kuongoza moto hutumia umeme. Umeme ukikatika, oveni husimama, hata kama mtungi umejaa. Kama kwenu umeme hukatika mara kwa mara, wekeni jenereta katika hesabu, au bakizeni jiko la kawaida la gesi pembeni.

4. Maji yetu yakoje?

Mvuke hutoka katika maji. Hebu chungulia ndani ya birika lako la chai. Kuna ukoko mweupe? Ukoko huo utaganda ndani ya oveni pia, na utaiharibu. Mwulize muuzaji habari za chujio la maji na dawa ya kusafishia. Hizo nazo ni gharama za kila mwezi.

5. Oveni imetengenezwa kwa gesi gani, na kwa mwinuko gani?

Gesi ni za aina mbili. Ipo gesi asilia, kama ile ya Songo Songo inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba. Ipo na gesi ya mitungi, na ndiyo tunayoitumia huku Mbeya. Vitundu vya kutolea gesi katika oveni hutofautiana. Hakikisheni vyenu ni vya gesi ya mitungi.

Tena, Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Fundi lazima arekebishe oveni kwa mwinuko wetu, la sivyo moto utakuwa wa njano, utatoa masizi na hewa ya sumu. Nguvu ya moto nayo hupungua kiasi cha asilimia 4 kwa kila mita 300 za kupanda. Hata maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Ndiyo maana maharage ya Mbeya huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam, na chakula cha mvuke nacho huchelewa kidogo.

6. Gesi itatugharimu kiasi gani?

Tufanye hesabu pamoja. Kilo moja ya gesi ya mitungi ina nguvu ya karibu kilowati 13 kwa saa moja. Tuseme oveni yetu ni ya kilowati 20.

20 ÷ 13 = kilo 1.5 hivi kwa saa.

Mtungi mkubwa ni wa kilo 38.

38 ÷ 1.5 = saa 25 hivi.

Mkiwasha moto wa juu saa 4 kwa siku, mtungi utakwisha baada ya siku 6. Mkipunguza moto utafika mbali zaidi. Sasa chukua bei ya mtungi dukani kwenu, igawe kwa siku, halafu linganisha na mauzo ya siku moja. Kama hesabu haikai sawa kwenye karatasi, haitakaa sawa jikoni.

Usalama

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini sakafuni na kujikusanya shimoni. Kwa hiyo mitungi ikae nje, imesimama wima, mbali na mashimo na mifereji. Viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe siyo kwa kiberiti! Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala usizime taa. Funga mtungi, fungua milango, toa watu nje.

Mwisho, msilipe fedha kabla ya kupata majibu ya maandishi kwa mambo haya: fundi yuko mji gani, vipuri vinapatikana wapi, na dhamana ni ya muda gani. Tumejifunza kusoma. Basi tusome karatasi yote kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini oveni ya gesi husimama umeme ukikatika?
2. Oveni ya kilowati 26 itatumia kilo ngapi za gesi kwa saa?
3. Shule ya kijiji chenu hupika chakula gani? Je, ianze na oveni au na majiko ya sufuria? Toeni sababu.