Makumbi ni ya bure, lakini mmea haushibi

Katika vijiji vingi vya pwani ya Kilwa na Lindi, makumbi ya nazi hutupwa au huchomwa. Unga unaobaki baada ya kutoa nyuzi ni mwepesi na hushika maji vizuri. Kwa sababu hiyo, watu wengi hufikiri unaweza kuchukua nafasi ya udongo. Je, ni kweli kwamba unapunguza gharama?

Tulichojifunza
Tulipoanza kitalu cha mboga karibu na Kilwa Masoko, tulijaza viriba unga wa makumbi mtupu, kwa kuwa tuliupata bure. Mbegu ziliota vizuri. Baada ya wiki chache majani yaligeuka manjano na ncha zake zikaungua. Tulinunua mbolea, kisha tukanunua tena. Fedha za mauzo ya kwanza, ambazo akina mama wa kikundi walitarajia kugawana, ziliishia katika duka la pembejeo.

Kwa nini ilitokea hivyo?
Udongo wenye mboji ni kama ghala: una virutubisho vya aina nyingi na huvitoa kidogo kidogo. Unga wa makumbi ni tofauti:

• Una naitrojeni kidogo sana. Vijidudu vinavyouozesha hutumia hata ile tunayoiongeza, na mmea hubaki na njaa.
• Una potasiamu nyingi, na mara nyingi chumvi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari ili kupata nyuzi za kamba huwa na chumvi zaidi.
• Hunasa kalsiamu na magnesiamu kabla mmea haujazipata. Nyanya zikikosa kalsiamu huoza kitako.

Kwa hiyo anayepanda katika makumbi matupu hulazimika kununua karibu kila kirutubisho. Yurea peke yake haitoshi. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, lakini hauna fosforasi, kalsiamu wala magnesiamu. Tena mbolea hiyo hutiwa kidogo kidogo mara kwa mara, kwa sababu maji ya kumwagilia huiosha na kuipeleka chini.

Ni kweli kwamba udongo wetu wa kichanga nao ni maskini na hukauka upesi. Lakini samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku inaweza kuurutubisha bila gharama kubwa. Faida ya makumbi ni kushika maji. Tuyatumie kwa kazi hiyo.

Jinsi ya kutumia unga wa makumbi
1. Chagua makumbi ambayo hayakufukiwa baharini, kama yanapatikana.
2. Loweka unga katika maji baridi (yasiyo ya chumvi) usiku kucha, kamua, kisha rudia mara mbili au tatu. Njia rahisi ni kuurundika nje wakati wa masika ili mvua iuoshe.
3. Jaribu kwa kupanda mbegu 10 nzuri za maharage. Nyingi zisipoota, au miche ikiungua ncha, osha tena.
4. Changanya madebe 2 ya udongo wa juu, debe 1 la samadi iliyooza vizuri na debe 1 la unga wa makumbi. Jaza viriba.

Makumbi mazima yasichomwe ovyo. Yapange kuzunguka minazi, mbali kidogo na shina, yawe matandazo. Yatatunza unyevu na kuurudishia mnazi potasiamu yake. Kama yamekwisha kuchomwa, majivu yake bado yana potasiamu, lakini naitrojeni imepotea kwa moshi.

Kabla ya kuanza, tunashauri kila kikundi kipande mchicha katika makopo mawili: moja la udongo na samadi, jingine la unga wa makumbi. Andikeni katika daftari kila shilingi na kila ndoo ya maji. Baada ya mwezi mmoja daftari litawaonyesha kipi ni rahisi.

Maswali ya kujadili
• Makumbi ya kijiji chetu huishia wapi?
• Ni nani ana samadi asiyoitumia?
• Maji ya kuoshea makumbi yatatoka wapi, na nani atayachota?
• Tukisema kitu ni cha bure, ni gharama zipi tunazozisahau?