Subira ya Mwenye Nguvu



Wengi hudhani kuwa subira ni kunyamaza na kungoja, na kwamba mahali pake ni msibani na kwa mgonjwa, si katika mabaraza ya watawala. Sisi twaona sivyo. Subira ya mtu hujulikana siku ile anapokuwa na nguvu za kumshinda mwenziwe, kisha akajizuia. Katika somo hili twataka kulitazama jambo hilo kwa mfano wa Marekani. Nasi pia latuhusu, kwani tangu Katiba ya mwaka 2010 Bunge letu huwahoji wale wanaoteuliwa na Rais kuwa mawaziri, likawakubali au likawakataa.

Katiba ya Marekani yampa Rais haki ya kuteua majaji, mawaziri na mabalozi, lakini mteule hapati cheo mpaka Baraza la Seneti liridhie. Baraza hilo lina watu 100, na ada yake ya zamani ni kwamba seneta aweza kusema apendavyo pasi na kukatizwa. Mwaka 1917 likaweka kanuni ya kufunga mjadala kwa kura za theluthi mbili. Mwaka 1949 kanuni hiyo ikatiwa wateule pia, na mwaka 1975 idadi ikateremshwa ikawa kura 60. Maana yake ni kwamba wenye kura 51 hawakuweza kupitisha lao mpaka wawasikilize wenzao.

Haki hiyo ilitumiwaje? Zama za Rais George W. Bush, maseneta wa chama cha Democratic waliwazuia baadhi ya wateule wake wa mahakama za rufani. Miguel Estrada alingoja zaidi ya miaka miwili, kisha mwaka 2003 akajitoa. Wakubwa wa chama cha Republican wakaghadhibika, wakatishia kuivunja kanuni yenyewe. Ndipo mwezi wa Mei 2005 maseneta 14, saba wa chama hiki na saba wa chama kile, walipokaa pamoja wakapatana: hawa wasizuie mteule ila kwa jambo kubwa lisilo la kawaida, na wale wasiivunje kanuni. Watu 14 tu katika 100 walitosha kuuzima moto.

Lakini haukuzimika daima. Zama za Rais Obama, chama cha Republican nacho kikazuia. Tarehe 21 Novemba 2013 chama cha Democratic, kikiongozwa na Harry Reid, kiliiondoa kanuni ya kura 60 kwa wateule wote, ila wa Mahakama ya Juu, kwa kura 52 kwa 48. Mitch McConnell wa Republican akawaonya kwamba watajuta.

Wahenga wetu walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwaka 2016 alikufa Jaji Antonin Scalia, na Obama akamteua Merrick Garland mahali pake. Chama cha Republican, ambacho sasa ndicho kilichokuwa na wengi, hakikumpa hata siku moja ya kuhojiwa. Mwezi wa Aprili 2017, Donald Trump akiwa ndiye Rais, chama hicho kikaondoa sehemu ya kanuni iliyosalia. Neil Gorsuch akapita kwa kura 54 kwa 45, Brett Kavanaugh mwaka 2018 kwa 50 kwa 48, na Amy Coney Barrett mwaka 2020 kwa 52 kwa 48, siku nane kabla ya uchaguzi. Hapana katika watatu hao aliyefikilia kura 60. Na wale waliokuwa wa kwanza kuubomoa mlango hawakuwa tena na mlango wa kufunga.

Basi tujifunze nini? Kwanza, tusiulize tu ni nani aliyeanza. Kila chama kina ushahidi wake juu ya mwenziwe, na hesabu hiyo haina mwisho. Pili, mzuiaji naye amekosa subira sawasawa na mvunjaji, maana ameitumia kila siku haki iliyowekwa kwa siku ya dhiki. Tatu, kuzuia si mchezo wa wakubwa peke yao: kiti cha jaji kikiwa kitupu, anayeumia ni mtu aliye na kesi yake akingoja hukumu.

Huenda mtu akauliza: subira ilimfaa nini Merrick Garland? Kiti alichoteuliwa hakukipata. Mwaka 2021 Baraza hilo hilo lilimthibitisha kuwa Mwanasheria Mkuu kwa kura 70 kwa 30, na McConnell mwenyewe akampigia kura. Hatusemi kwamba cheo hiki ni badala ya kile, wala hatusemi kila mwenye kusubiri hulipwa. Twasema kwamba subira si kuridhia dhuluma. Wale 14 hawakuridhia, wala hawakuvunja. Waliketi wakasemezana mpaka wakapatana.

Mwenye wengi leo ndiye mwenye wachache kesho. Basi kila anayetaka kuiondoa kanuni inayomchelewesha, na ajiulize kwanza: siku nitakapokuwa dhaifu, nitajikinga kwa nini?