Keshia apewe ruhusa gani? GRANT na REVOKE kwenye prosija

Mteja wetu, tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Machakos mjini na tawi kule Tala. Malipo ya simu yanaingia kwenye hifadhidata yako ya MySQL, na keshia wa Tala huhitaji kumrudishia mteja pesa mara moja moja. Je, umpe ruhusa ya UPDATE kwenye jedwali la malipo? Hapana. Akiwa nayo anaweza kubadilisha rekodi yoyote, hata ya mwezi jana.

Tumia prosija, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja na kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata. Ikague kwanza: malipo haya yapo? Yamesharudishwa? Kiasi kimezidi? Yote yakiwa sawa ndipo iandike. Keshia mpe ruhusa ya kuiita tu:

GRANT EXECUTE ON PROCEDURE duka.rudisha_pesa TO keshia_tala;

Kwenye MySQL, usipobadilisha mpangilio, prosija hutumia ruhusa za mwenye prosija, si za anayeiita. Kwa hivyo keshia anarudisha pesa bila kugusa jedwali lenyewe. Akiacha kazi, mwondolee siku hiyo hiyo:

REVOKE EXECUTE ON PROCEDURE duka.rudisha_pesa FROM keshia_tala;

Sasa sikiza hapa. Amri hizi zinaweza pia kuwekwa ndani ya prosija, ili meneja aongeze keshia kwa hatua moja. Ni sawa, lakini kwenye MySQL na Oracle, GRANT na REVOKE huthibitisha papo hapo kila kilichofanyika kabla yake. Tuseme prosija imepunguza salio, GRANT ikapita, halafu kuandika stakabadhi kukakwama. Ukiita ROLLBACK, salio halirudi. Pesa imetoka, stakabadhi hakuna, na mteja amesimama kaunta.

PostgreSQL ni tofauti: huko GRANT hurudi nyuma pamoja na muamala. Lakini prosija mpya huitwa na mtu yeyote mpaka umwondoe PUBLIC kwa REVOKE.

Kanuni ni rahisi: prosija ya pesa isiguse ruhusa, na prosija ya ruhusa isiguse pesa.

Leo, mwambie fundi wako aandike:

SHOW GRANTS FOR keshia_tala;

Mkiona UPDATE au ALL PRIVILEGES hapo, msifunge duka kabla ya kuiondoa.