Maneno ya Hisia na Mwendo wa Mwili: Kielelezo cha Majina ya UKIMWI Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili uhusiano uliopo kati ya maneno yenye mzigo wa hisia na miendo ya kusogelea au kuepa. Kwa asili suala hili ni la wanasaikolojia. Mwaka 1960 Solarz aliwataka watu wavute kadi zenye maneno au wazisukume mbali. Mwaka 1999 Chen na Bargh walitumia wenzo. Walidai kwamba neno jema huharakisha mkono unaovuta, na neno baya huharakisha mkono unaosukuma, hata pale mshiriki asipotakiwa kulipima neno lenyewe. Rotteveel na wenzake waliporudia majaribio hayo mwaka 2015, hawakupata matokeo yale. Tunaona kwamba hapo ndipo isimu inapopata nafasi ya kusema.

2.0 Mkono unaonyooshwa

Je, kuvuta ni kusogelea? Mwenyeji wa Muleba anayemkaribisha mgeni kwa akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, huunyoosha mkono wake mbali na kifua, na hakuna atakayesema kuwa anamsukuma mgeni. Markman na Brendl (2005) walilionyesha jambo hili kwa njia nyingine: walipoweka jina la mshiriki kwenye kioo cha kompyuta, neno jema lilipelekwa haraka kuelekea kwenye jina hilo, hata kama mkono ulilazimika kusukuma. Kinachohesabika, basi, ni mahali nafsi ilipo, wala si msuli.

3.0 Majina ya ugonjwa

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Kabla ya jina la kitaalamu kuenea, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za biashara zilizotoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Huko Uganda uliitwa silimu. Mutembei (2001) ameeleza kwa kina jinsi sitiari hizi zilivyobadilika katika ushairi simulizi wa Wahaya.

Tuliangalie jina Juliana kisarufi. Kwa kuwa ni jina la mtu, hudai upatanisho wa ngeli ya A-WA: Juliana huja, hukaa, huondoka. Lilikuwa pia jina la kitu kilichotamaniwa dukani. Neno moja, basi, lilibeba mvuto na kifo. Mtafiti ambaye angeliingiza katika orodha ya maneno mabaya, au mema, angekuwa amekosea kabla ya jaribio kuanza. UKIMWI, kwa upande wake, ni kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Ndani yake hamna mtu wala mauti, bali upungufu tu. Tena ni neno la Kiswahili, ambacho kwa wengi wa Bukoba ni lugha ya pili. Harris na wenzake (2003) walipima ngozi za Waturuki wanaojua Kiingereza, wakaona kuwa karipio la lugha ya kwanza huusisimua mwili zaidi. Orodha ya maneno iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza haitufai.

4.0 Kunyanyapaa na kutenga

Lugha yetu ina kitenzi kinachojumuisha hisia na mwendo kwa pamoja: kunyanyapaa, yaani kujiepusha na mtu kwa kinyaa. Dhidi yake kumewekwa kirai "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI" mahali pa "waathirika". Wanaokiona kirai hiki kuwa kirefu mno wana haki (hata sisi hutuchosha). Hata hivyo, kinamtanguliza mtu, na "na" ya uandamani inamwachia virusi kama jirani tu. Miongoni mwa watu wazima wa Bukoba mjini, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 24.2 mwaka 1987 hadi 13.3 mwaka 1996. Hatudai kwamba maneno ndiyo yaliyoleta nafuu hiyo.

Mwezi Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini. Kati ya wagonjwa 9, akiwamo mmoja aliyehesabiwa bila uthibitisho wa maabara, 6 walifariki. Virusi hivyo huenezwa kwa kugusana, kwa hiyo kuepa kulikuwa tiba. Mgonjwa aliyetengwa ili jirani zake wapone na mgonjwa aliyenyanyapaliwa wanaweza kuwa umbali uleule kutoka mlangoni kwetu, na wenzo wa maabara ungewaandikia tarakimu moja.